Babu wa Chini

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Uganda akiwa mzima wa mwili, na kwa hilo nilimshukuru Mungu, kwa sababu kwetu Maganzo walikuwapo wenzake ambao hawakurudi. Lakini hakuweza tena kutulia mahali pamoja. Alijaribu kuchekecha mchanga wa almasi na baba yangu, akachoka. Akajaribu kulima pamba kwao Ushirombo, akachoka mapema zaidi. Sukari haikuwapo, sabuni ilikuwa ya foleni, na khanga niliyoolewa nayo ilikuwa imechakaa hadi ukiiinua juani unaona upande wa pili. Siku moja akaja na habari kwamba porini upande wa Geita watu wanachimba dhahabu kwa mikono yao. Tukafunga godoro na sufuria, tukadandia lori la pamba.

Kambi tuliyofikia ilikuwa vibanda vya miti na nyasi vilivyomwagika kwenye mteremko, na katikati yake maduara. Duara ni shimo linalochimbwa kwenda chini hadi lifike kwenye mwamba wenye dhahabu, kisha mchimbaji anaufuata mwamba kwa pembeni, akitambaa kama panya. Wanaume walishuka kwa kamba. Sisi wanawake tulitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, na wengine tulipika. Mimi nilifanya yote mawili.

Jirani yangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mpole, mwenye sauti ndogo. Alinikopesha moto siku ile ile tuliyofika. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto alikuwa amefunga kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi cha zamani. Nikamuuliza mumewe anachimba duara lipi ili nimjulishe kwa mume wangu.

"Yuko chini," akasema, akionyesha duara moja lililokuwa kimya.

Nikadhani yuko kazini. "Anapanda saa ngapi?"

Akaendelea kukwangua majivu kwenye mafiga. "Hapandi, mdogo wangu. Babu alimchukua mwaka jana."

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari za Babu kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeshika kaa la moto kwenye kigae. Nilipoanza kumpa pole alinizuia kwa mkono. Akasema pale kambini hapewi mtu pole.

Baadaye nilielezwa kila kitu, maana hawakuficha. Walisema chini ya mwamba anaishi mwenye mahali pale, mwenye dhahabu yote, na jina lake halitajwi. Walimwita Babu wa Chini, nao wakajiita wajukuu. Aliyewafundisha ni mwanamume mmoja aliyekuwa amefukiwa na wenzake katika machimbo mengine kabla ya hapo. Wenzake walikufa wote, yeye akatolewa hai. Alisema kule gizani alisikia pumzi kubwa kuliko ya mtu, kisha sauti ikimwita mjukuu. Ilimwambia imeshakula wenzake, na yeye imemwacha apeleke habari. Tangu hapo hakushuka shimoni tena. Tulimwita Msemaji.

Nilitarajia mtu wa kutisha. Kumbe alikuwa mwembamba, msafi, mwenye kukohoa kidogo, anayekusikiliza hadi umalize. Mtoto akiugua alikuwa wa kwanza kufika. Nilipopata homa siku za mwanzo alituma uji kwangu. Sijakutana na watu wengi waliokuwa na adabu kama yake.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyesema Babu ni mwema. Padri wa Ushirombo alitufundisha Mungu anayependa. Mizimu ya kwetu hukasirika ikisahauliwa, lakini ni ya kwenu, ni bibi na babu zako wa kweli, unaweza kuzungumza nayo na kuipoza. Babu wa Chini hakupenda mtu na hakukasirika. Alikuwa na njaa tu. Msemaji mwenyewe alisema hivyo waziwazi, jioni wachimbaji walipokusanyika kunywa pombe. "Hatumwombi atupende," alisema. "Tunamwomba ale taratibu."

Na masharti yake yalikuwa mengi. Hupigi mluzi karibu na duara. Humtaji Mungu wala Welelo, jina la Mungu kwa Wasukuma, ukiwa mdomoni mwa shimo. Kila anayeanza kuchimba hutupa chini kitu anachokipenda. Nao walitupa kweli: saa, kofia, viatu vya harusi. Mwanamke mmoja alinyoa nywele zake ndefu akazimwaga. Masharti makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, duara halifungwi matimba. Matimba ni yale magogo ya kushikilia kuta na dari la shimo lisiporomoke. Msemaji alisema kumwekea Babu magogo ni kumzibia mdomo, na mwenye kuzibwa mdomo huuma kwa nguvu zaidi. La pili, anayechukuliwa na Babu hafukuliwi wala haliliwi. Machozi ni kama kudai kurudishiwa ulichotoa. Mke wa aliyechukuliwa hufungwa kaniki mkononi, akaitwa mkwe wa Babu, akatengewa fungu la mawe katika kila duara. Wakwe walikuwa kadhaa pale kambini. Waliheshimiwa, walipishwa njia, na sikuwahi kuona hata mmoja akilia.

Wenye maduara, ambao wengi wao walikaa mjini, walilipenda sana lile sharti la kwanza. Magogo yalikatwa mbali na kubebwa kwa mabega.

Mume wangu alicheka alipoyasikia hayo. Alikuwa amekulia misheni, akiitikia misa kwa Kilatini kabla hajajua kusoma. "Nimeona watu wakifa kwa risasi," aliniambia. "Hakukuwa na babu yeyote pale." Lakini duara lake na mwenzake, kijana wa Kizinza waliyeshirikiana naye, lilikuwa halitoi kitu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Maduara ya pembeni yalitoa. Wachimbaji wakaanza kujitenga nasi kisimani, wakisema tunawaletea nuksi. Hakuna aliyetusukuma. Walitunyamazia tu, na kunyamaziwa porini ni jambo baya kuliko kutukanwa.

Siku moja nikamkuta mume wangu amekaa na redio yake mapajani. Aliinunua alipotoka jeshini. Aliipenda kupita kiasi, akiifunika kwa kitambaa ili vumbi lisiiingie. Akaifuta, akaenda nayo duarani, akarudi mikono mitupu. Wiki hiyo hiyo wakakuta mwamba wenye dhahabu, na jioni Msemaji akaja nyumbani kwetu kunywa chai ya rangi, akamwita mume wangu mjukuu, naye akaitika.

Watu wameniuliza kama nilimwamini Babu. Nilimwogopa. Kila asubuhi nilipomwona mume wangu anashika kamba, nilijikuta nikisema kimoyomoyo, ule taratibu, ule taratibu. Nadhani kwa Babu hilo lilitosha.

Masika yalipoanza, ardhi ya mteremko ule ikawa kama ugali mbichi. Mwenzake wa Kizinza alitaka wakate matimba. Nilimsikia akisema hivyo akila kwangu: "Kaka, huu udongo umelewa maji. Tuweke hata magogo machache kule pembeni." Mume wangu akasema, "Ukiweka, nani atashuka nasi? Nani atatuvutia kamba?"

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, na mimi nilikuwa natwanga. Hakukuwa na kishindo. Nilisikia kama mtu anashusha pumzi, kisha kelele za wanaume. Nilipofika, yule Mzinza alikuwa amelala mdomoni mwa duara, nusu ya mwili wake udongo mtupu, akikohoa. Yeye alikuwa amekaribia kamba. Mume wangu alikuwa ndani, pembeni, na njia ya pembeni ilikuwa imeziba.

Nikashika ndoo. Mtu akaishika ndoo hiyo hiyo kutoka upande wa pili, bila nguvu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Alikuwa Msemaji. "Acha, dada," akasema. "Ameshapokelewa."

Wakakusanyika. Wakachinja mbuzi mweusi, damu wakaimwaga shimoni, wakaimba wimbo wao ule usio na maneno, mngurumo tu wa kooni, hadi jua likawa utosini. Msemaji akanifunga kaniki mkononi. Wale wakwe wengine walinizunguka wakanishika, na jirani yangu akaninong'oneza, "Uma mdomo. Uma mdomo, itapita." Nikauma hadi nikaonja damu. Nilichukuliwa nyumbani, nikalazwa, nikaletewa nyama ya yule mbuzi.

Mchana huo huo lori la magunia lilikuwa linaondoka kwenda upande wa Ushirombo. Nilijifanya nakwenda haja, nikamfuata dereva, nikamwambia afike nyumba fulani karibu na kanisa, amwambie mama wa pale kwamba mwanawe amefukiwa na wamekataa kumtoa. Maneno hayo hayo. Akaniangalia mkono, akaniangalia usoni, akakubali.

Mama mkwe alifika siku ya tatu asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mkulima wa karanga, Mkatoliki wa kufunga hata siku zisizo za kufunga. Hakuwa amenipenda sana nilipoolewa, kwa sababu nilitoka kwa watu wasiobatizwa. Aliteremka na jembe lake begani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Nikampeleka. Watu wakatufuata. Tulipofika mdomoni mwa duara, Msemaji akatokea, akavua kofia, akaenda mbele yake na kuinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakuitikia. Sijawahi kabla wala baada ya siku ile kumwona mtu mzima akinyamazia shikamoo. Msemaji akangoja, kisha akavaa kofia yake.

"Mama, tunajua uchungu wako," akasema. "Lakini mwanao hakufa kifo cha hasara. Amepokelewa na mwenye mahali hapa. Ukimfukua utaamsha njaa, na italipwa na watoto wa wenzako."

"Wewe una mama?" mama mkwe akamuuliza.

"Alikwishatangulia."

"Ulimzika?"

Msemaji akakohoa. "Nilimzika."

"Mimi nimekuja kuzika," akasema mama mkwe. Akapita pembeni yake, akakusanya sketi yake, akaanza kukata udongo wa mdomoni kwa jembe.

Ilikuwa kazi ya bure na kila mtu aliona hivyo. Jembe la palizi haliwezi kufukua duara. Alikata, akavuta, akakata, jasho likimtiririka, na hakuna aliyesogea. Nikaenda nikaanza kuondoa kifusi kwa mikono. Tulikuwa wawili tu kwa kitambo, tukichimba kama kuku.

Wa tatu kuja alikuwa yule Mzinza. Alikuwa bado anachechemea. Akamshika mama mkwe mkono akamwambia, "Mama, hivyo tutamwongezea udongo. Nitashuka mimi. Lakini sishuki bila matimba."

"Yako wapi?" akauliza mama mkwe.

Hakukuwa na gogo hata moja pale kambini, na msitu wenye miti ya kufaa ulikuwa mwendo wa nusu siku. Nikatazama huku na huku. Kisha nikawaambia waje nyumbani kwangu. Kibanda chetu kilijengwa kwa nguzo za mninga alizokata mume wangu mwenyewe. Tukatoa godoro nje, tukabomoa. Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wake anatazama. Nilipokuwa navuta nguzo ya pembeni na inakataa, akaja akaishika, tukaing'oa pamoja. Halafu akanifuata hadi duarani akiwa ameibeba begani, na wakwe wengine wawili wakaja nyuma yake. Walipopita mbele ya Msemaji, hakuna aliyemtazama. Yeye aliwaita mmoja mmoja, kwa upole, kwa majina yao.

Tulifanya kazi hiyo siku nzima. Mzinza alishuka, akachimba, akaegemeza nguzo, akachimba tena. Sisi wanawake tulivuta ndoo. Mchana wachimbaji kadhaa wakaja wakashika kamba, na wengine wakabaki kwa mbali na Msemaji, wakinguruma wimbo wao. Mvua ilitishia, ikaondoka.

Jua likiwa linaelekea kushuka, Mzinza akaita kutoka chini kwamba amemwona. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyemaliza kazi. Akakawia kule chini hadi wanaume wakaanza kumwuliza kama yuko salama. Alipopanda alikuwa ameshika tindo, ile patasi ya chuma ya kupasulia mwamba. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama mkwe.

"Mama," akasema, "udongo haukumfika. Kule alikokuwa hakukuporomoka. Alizibiwa tu." Akainua lile tindo. "Amechimba. Amechimba kuja huku, urefu wa mtu mzima aliyelala. Alibakiza kidogo."

Sikuelewa mara moja. Nilisubiri aendelee. Kisha nikaelewa, na nadhani wote tulielewa kwa pamoja, kwa sababu wale waliokuwa wakinguruma kwa mbali waliacha. Wakati tunachinja mbuzi alikuwa anachimba. Wakati nimelazwa nauma mdomo alikuwa anachimba. Labda alitusikia tukiimba.

Mama mkwe akalichukua lile tindo, akaligeuza mikononi. Ncha yake ilikuwa imekuwa butu kabisa.

"Alikuwa anakuja," akasema. "Mwanangu alikuwa anakuja."

Ndipo jirani yangu alipolia. Hakulia kwa ajili ya mume wangu. Alikwenda hadi kwenye lile duara lililokuwa kimya tangu mwaka uliopita, akalala kifudifudi juu ya kifusi chake, akaanza kumwita mumewe na kumwuliza: ulikuwa unakuja? Nawe ulikuwa unakuja? Wakwe wengine wakampokea. Kilio cha mwaka mzima, cha miaka, kilitoka kwa mara moja, na wanaume wakaweka mikono vichwani. Mimi nililia pia, lakini nakumbuka nilikuwa kama mtu anayejisikiliza akilia kutoka chumba cha pili.

Msemaji alijaribu kusema. Alisema Babu amesikia haya yote. Mzee mmoja mchimbaji, ambaye nilikuwa nikimwona kila jioni akiitika yale mafundisho, akamwendea, akamwambia kwa Kisukuma aondoke kabla watu hawajamaliza kulia. Hakumpiga. Msemaji akatazama nyuso, akaelewa. Alichukua kijifuko chake, akashika njia, na wanaume sita au saba wakaondoka pamoja naye, wakiwamo wawili waliovuta kamba siku hiyo.

Tulimwosha mume wangu pale pale, kwa maji ya kuoshea dhahabu. Kucha zake zilikuwa zimeisha. Mama mkwe hakuniruhusu nioshe mikono. Aliiosha yeye, kidole baada ya kidole, kama anamwosha mtoto kabla ya kula. Tulimzungushia shuka na turubai, tukapata lori asubuhi. Yule Mzinza alikaa naye nyuma njia nzima akilizuia turubai lisipepee. Padri alimzika kesho yake Ushirombo, mbele ya watu wengi kuliko nilivyotarajia.

Jirani yangu hakupata alichotaka. Nilisikia walijaribu kufukua duara la mumewe, maji yakawa yameshalijaa, kuta zikamomonyoka, wakaacha. Aliendelea kuishi pale kambini. Kuhusu Msemaji, miaka ilipopita nilikutana sokoni na mtu aliyetoka machimbo mengine kabisa, mbali na yale, akanieleza kwamba huko kuna mwenye mahali anayekula, na kwamba hawafungi matimba. Nilimweleza niliyoyaona. Alinisikiliza kwa heshima. Mwishoni akasema labda yule wa kwetu hakupewa haki yake yote.

Mimi sikurudi kwa wazazi wangu. Mama mkwe alisema ninakaa, nikakaa, nikalima naye karanga kwa miaka minne. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Jioni alisali rozari, mimi nikamenya karanga. Mwaka wa pili nikaanza kuitikia, bila kuamua kwamba nitaitikia. Jambo moja tu aliniuliza kuhusu yale ya machimboni, tukiwa tunapalilia: alitaka kujua kama mwanawe alikuwa akila vizuri. Nikamwambia alikula vizuri. Akaendelea kupalilia.

Baadaye nilichumbiwa na mpakiaji mizigo wa stesheni ya Isaka, mtu mtaratibu asiyependa mashimo ya aina yoyote. Niliogopa kumwambia mama mkwe. Nilipomwambia aliingia ndani akatoa mkeka wake mzuri akauanika juani. Siku ya harusi alisafiri kwa lori kuja Isaka na mkeka huo, akautandika upande wa ndugu zangu, karibu kabisa na mama yangu mzazi, na wapambe walipomwonyesha mahali pa wageni aliwaambia yeye si mgeni, ni mama wa bibi harusi.